Ukurasa wa Mlango Mpya

Pamma alifungua kile kisanduku cha bati palepale langoni, akachagua pinni, donge tamu la ngano na samli, iliyo kubwa kuliko zote, akaitumbukiza mdomoni nzima nzima.

"Samli ya kweli hii," alisema, midomo ikimeta. "Nani kakupikia, Mzee? Si mkeo alishakwenda?"

"Nimepika mwenyewe."

"Kumbe fundi! Basi wewe hukosi mchumba." Akachukua ya pili. "Zilizobaki mwanao atapata."

"Na sabuni. Na hizo chupi mbili, mpya. Mwambie ni zake, asimpe mtu."

"Nitamwambia."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Nimwone tu, Pamma. Hata kwa mbali. Asimame pale kwenye ngazi, mimi nisimame hapa nilipo."

Pamma alijifuta vidole kwenye suruali. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mnene wa shingo, na kwapani alibana kipande cha bomba jeusi la maji, lile la kumwagilia mashamba. Yeye mwenyewe aliingia hapo akiwa teja, miaka minne nyuma. Hakutoka tena, walimpa bomba na mshahara.

"Sheria ni siku arobaini bila kuonana na ndugu."

"Leo ni ya sitini na moja."

"Sheria ya pili," alisema Pamma, "ni usimfundishe mlinzi hesabu."

Nachhattar Singh hakuondoka. Alisimama akilitazama jengo la Kituo cha Mlango Mpya, cha kuwaponya mateja. Zamani lilikuwa ghala la baridi la viazi, kwa hiyo madirisha hayakuwapo. Viazi havina haja ya kuchungulia nje. Jagseer, mwanawe wa pekee, miaka ishirini na minne, alikuwa mle ndani.

Na aliyepiga simu ili aje kuchukuliwa ni yeye baba. Hilo hakulikana. Jagseer alikuwa ameshauza mtungi wa gesi, ameshauza cherehani ya marehemu mama yake, na asubuhi ile alikuwa uani anang'oa pampu ya maji kwa spana huku arosto inamtetemesha mpaka meno. Baba akakumbuka namba ya kituo iliyoandikwa kwenye ukuta wa shule, akaipiga. Wakaja wanaume wanne kwa gari jeupe lisilo na kibao cha namba, wakamkunja kijana kama godoro, wakaenda naye.

Kosa hilo lilikuwa lake. Lakini unga hakuuleta yeye. Uliuzwa nyuma ya stendi ya basi mchana kweupe, hatua ishirini kutoka benchi ambalo polisi hunywea chai, na kila mtu wa mji wa Mandi Sherpura aliwajua wauzaji kwa majina yao, kwa magari yao, na kwa picha walizopiga na mheshimiwa wakati wa kura. Hospitali ya serikali ilikuwa na vitanda kumi vya mateja na daktari mmoja anayekuja Alhamisi, tena akijisikia. Charanjit, mkewe, alifia hospitali hiyohiyo, kando ya mashine ya kusafishia damu iliyofunikwa nailoni miezi kumi na minne. Waliikatia utepe kwa matarumbeta. Fundi wa kuiwasha ndiye waliyemsahau. Nachhattar aliipiga picha siku ya utepe, akalipwa vizuri.

"Mzee wa picha!" Pamma alimwita, simu ikiwa bado sikioni. "Daktari anakutaka ndani. Umeota vizuri leo wewe."

Kulwant Bhullar hakusomea udaktari wowote. Kabla ya kituo alikuwa na duka la dawa za kunyunyizia pamba, na watu walimwita Daktari tangu wakati huo kwa kuwa alikuwa hodari wa wadudu. Alipobadilisha biashara, jina lilikuwa tayari. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi, na ukutani picha sita za yeye akipeana mikono na watu.

"Kaa, kaa, Mzee Nachhattar. Chai?" Chai haikuletwa. "Ni wewe uliyewatengenezea wale wa ukumbi wa harusi ukurasa wa mtandao?"

"Ni mimi."

"Nimeuona. Maji yanaruka, taa zinawaka, mtu akiutazama anataka kuoa hata kama anaye nyumbani." Alicheka peke yake. "Sasa nataka wangu. Mheshimiwa mbunge anakuja Jumamosi saa tano. Tunasimamisha skrini uwanjani, anabonyeza, ukurasa unafunguka mbele ya waandishi wa habari."

"Mimi niliishia darasa la tano, Daktari sahibu."

"Nani kataka insha kwako? Nisikilize. Mama yuko nyumbani, mwanawe anavunja kabati. Anashika simu, vidole vinatetemeka. Akikuta maneno mengi, anafunga. Akikuta ukuta, anafunga. Nataka akute mlango. Mlango wazi kabisa, majani mabichi, jua la asubuhi. Neno moja juu: Karibu. Na chini kitufe cha kupiga simu, kikubwa, cha kijani. Umenielewa?"

"Mlango wenu una kufuli mbili."

"Kwenye simu hauna," alisema Daktari bila kukasirika. "Halafu chini ya hapo unaweka waliopona. Vijana sita. Nitakutumia picha zao na maneno yao. Wasafishe, wavishe vilemba, wawe watoto wa watu. Hiyo si ndiyo kazi yako?"

"Na Jagseer?"

"Jagseer ni mmoja wa hao sita!" Daktari aliegemea kiti, akamtazama kama mtu aliyetoa zawadi. "Mwanao amepona, Mzee. Ukurasa ukifunguka Jumamosi, unamshika mkono unaondoka naye. Neno langu hilo."

"Nimwone leo."

"Jumamosi."

"Dakika moja."

"Mzee." Sauti ilishuka. "Wako nje wanaosubiri kitanda chake. Nikisema hajapona, hajapona. Mimi ndiye daktari."

Siku hizi duka la picha la Nachhattar lilikuwa linaishi kwa kazi moja. Vijana walikuwa wanakufa, na vijana hawana picha za maana. Wana picha za simu, ulimi nje, nywele zimenyolewa ubavuni, kichwa wazi. Mzazi hawezi kuweka hiyo mbele ya watu siku ya bhog, siku ya kumaliza kisomo cha marehemu. Basi anakuja dukani na simu ya mtoto, anasema: mvishe. Nachhattar alikuwa anakitoa kichwa kwenye ile picha ya ulimi nje au ya harusi ya binamu, anakisafisha, anakivisha kilemba kwa kompyuta, anazungushia koja la maua ya njano, na chini anaandika tarehe mbili.

Kilemba chenyewe kilikuwa chake. Miaka mitatu nyuma alijifunga vizuri, akajipiga picha ya mbele, akakata uso wake akabakiza kilemba kitupu. Cha bluu iliyoiva, na juu ya sikio la kulia kina kunjo moja lililokwenda upande. Nguo ya kilemba ni mita sita. Kuikunja kunataka watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mnaivuta mpaka inanyooka. Siku ile aliyekuwa upande wa pili ni Charanjit, tayari anaumwa, mkono hauna nguvu, na kunjo likaenda upande. Sasa ncha ya pili aliifunga kwenye kitasa cha mlango. Kitasa hakilegezi mkono. Lakini picha ilikuwa imeshapigwa, na vijana wengi wa wilaya ile walikuwa wamekwenda na kunjo la Charanjit juu ya sikio.

Picha sita ziliingia kwenye simu saa nane mchana. Alizihamishia kwenye kompyuta, akaanza kuzifungua moja moja.

Wa kwanza alikuwa amevaa shati la michirizi ambalo kifungo chake cha pili hakikufanana na vingine. Wa pili amevaa shati hilohilo. Wa nne na wa tano, shati ni lile lile, kifungo ni kile kile. Waliwapanga foleni wakavishana.

Wa tatu hakuwa na lile shati. Huyu alikuwa tayari amevishwa kilemba cha bluu iliyoiva, kunjo juu ya sikio la kulia limekwenda upande.

Nachhattar alitoa mkono kwenye kipanya.

Alikuwa Gurjant, mtoto wa Harbans Kaur anayetengeneza roti kwenye mgahawa wa soko la nafaka. Picha hii aliitengeneza yeye mwenyewe kwa bhog ya kijana, miezi minane iliyopita, na akaipeleka nyumbani kwa mama kwa mikono yake. Waliyoituma walikuwa wamekata pembezoni ili koja lisionekane, lakini begani kushoto kulibaki petali moja ya njano. Daktari alikuwa ameandika maneno yake chini: Nilikuja hapa nimekufa, wakanirudishia uhai.

Alifungua ya sita. Jagseer. Mwembamba, nywele zimenyolewa zote, anacheka kama mtu aliyeamriwa na bomba lililo nyuma ya kamera. Ujumbe wa Daktari ulisema: huyu ondoa alama mikononi.

Akaivuta picha ikawa kubwa. Mikono yote miwili ilikuwa na mstari mweusi uliozunguka kifundo, mpana kama kidole, pembeni umekauka na katikati bado mbichi.

Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kufuta. Chunusi za bibi harusi, kovu la mwanasiasa, damu puani mwa maiti. Mkono ulianza wenyewe. Alichagua brashi, akachota ngozi safi kutoka juu ya kiwiko, akaanza kuipaka kwenye kifundo cha kulia. Nusu ya ule mstari ilipotea, pakawa laini, pakawa mkono wa kijana wa kawaida. Kazi nzuri. Alikuwa anaifanya vizuri kama kawaida yake. Hapo akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka, akatoka nje, akatapika kwenye mtaro mbele ya duka la vifaa vya trekta.

"Mzee, ni samosa hizo?" aliuliza muuza duka.

"Siyo samosa," alisema Nachhattar.

Harbans Kaur alikuwa mbele ya tanuri, mikono imepauka kwa unga wa ngano mpaka viwikoni. Hakuacha kufanya kazi. Nachhattar alimwinulia simu aone.

"Huyu si mwanangu?"

"Ndiye. Uliwapa wewe watu wa kituo hii picha, dada?"

"Nimpe nani? Iko ukutani, na moja aliiweka binamu yake kwenye mtandao siku ya bhog." Akabandika roti tanurini. "Hapo chini pameandikwa nini? Mimi sijui kusoma."

Alimsomea. Harbans alitoa roti, akaitupa kapuni, akabandika nyingine.

"Anasema nani hayo?"

"Yeye. Ndivyo wanavyotaka isomeke."

"Gurjant alikuwa na kigugumizi, kaka. Kusema jina langu tu ilikuwa kazi ya nusu saa. Maneno yote hayo angeyatolea wapi?" Akajifuta jasho kwa mkono wa juu. "Na wewe unatengeneza hiyo kitu?"

"Jagseer wangu yumo ndani. Nikimaliza, wananipa."

"Lini?"

"Jumamosi."

Harbans alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha pua, na mpishi aliyekuwa kwenye dengu akageuka kumtazama.

"Na mimi waliniambia Jumamosi. Njoo Jumamosi, mama, umchukue mwanao, amepona. Nikapika saag, mboga yake ya majani. Jumamosi nikamchukua. Amefungwa shuka, wananiambia ni moyo. Nikamwogesha mwenyewe. Moyo gani huo wenye milia mgongoni?" Akaegemea ukuta wa tanuri, kwa mara ya kwanza mikono imetulia. "Nikaenda polisi. Wakaniuliza mwanao alikuwa teja au hakuwa? Nikasema alikuwa. Wakaniambia basi, mama, ungetegemea nini."

"Dada, niambie nifanye nini."

"Wewe wako yu hai?"

"Nadhani. Sijui."

"Basi usiniulize mimi. Mimi nikikwambia, nitakwambia kwa uchungu wangu." Akachukua donge jingine, akalipigapiga viganjani. "Ila usiniwekee mwanangu pale akiwaita watoto wa wenzie. Hilo tu. Mengine mwenyewe utajua."

Ijumaa alimtumia Daktari ukurasa uliokamilika. Mlango wa mbao uliofunguka polepole mtu akiugusa. Nyuma yake majani mabichi ya uwanja wa gofu wa nchi fulani, jua, na mwanamke wa koti jeupe ambaye hakuna mtu wa wilaya ile aliyewahi kumwona. Karibu. Kitufe cha kijani. Vijana sita, vilemba sita, mikono safi.

Daktari alipiga simu mwenyewe. "Mzee, mke wangu ameuona amelia! Anasema na yeye anataka kulazwa!"

"Kesho natoka na Jagseer."

"Kesho, kesho. Vaa vizuri, utapigwa picha na mheshimiwa."

Alivaa vizuri. Asubuhi ya Jumamosi alifunga ncha ya nguo kwenye kitasa, akaivuta, akajifunga kilemba cheupe, akakaa mbele ya kompyuta. Alikuwa ameshapima. Akiuacha ukurasa ulivyo, atakuwa na neno la Daktari mkononi, lile lile alilopewa Harbans. Akiubadilisha, atakuwa na waandishi, skrini, na watu mia tatu. Alisema moyoni: mbele ya watu mia tatu watalifungua lango, watake wasitake. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga. Mambo mawili aliyabadilisha, akahifadhi, akachomoa waya wa kompyuta.

Uwanja wa kituo ulikuwa umemwagiwa maji kutuliza vumbi. Mahema ya rangi, viti vya plastiki, mtungi wa lassi ya mtindi, na kwenye ukuta wa ghala turubai kubwa la bluu kuficha mlango wenye kufuli mbili. Harbans Kaur alikuwa kwenye safu ya nyuma na wanawake wa mgahawani. Mbunge alichelewa saa moja na nusu, akashuka na walinzi wake, akazungumza kuhusu vijana, ardhi ya mito na adui wa nje anayetuletea unga. Kuhusu stendi ya basi hakusema.

"Na sasa," alisema Daktari kwenye kipaza sauti, "mlango wetu mpya, kwa baraka za mkono wake!"

Mbunge alibonyeza. Mlango wa mbao ulifunguka kwenye skrini, jua likamwagika, Karibu. Watu wakapiga makofi. Daktari akamnong'oneza, na mbunge akapandisha ukurasa kwa kidole chake chenye pete ili waonekane waliopona.

Gurjant alitokea mkubwa kama nyumba. Kilemba cha bluu, na kumzunguka pande zote koja la maua ya njano, lile lile la siku ya bhog. Jina, jina la baba, kijiji. Tarehe aliyozaliwa na tarehe aliyokufa. Chini yake mstari mmoja: Aliingia hapa akitembea.

Watu wa pale wamefundishwa na miaka. Picha yenye koja ikiwa mbele yako, mwili haungoji akili. Mstari wa mbele ulisimama. Wa pili ukasimama. Wanawake wakavuta mitandio kufunika vichwa, wazee wakavua viatu. Na mbunge, ambaye kila Jumapili huzunguka kutoka bhog moja hadi nyingine kwa sababu ndiko kura ziliko, aliunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa mbele ya marehemu kwa heshima zote, na akabaki hivyo. Kamera zikalia kama nzige.

Kabla hajainua kichwa, Daktari aliusukuma ukurasa mbele haraka ili Gurjant apotee. Jagseer. Bila kilemba, bila kusafishwa, vifundo vya mikono vimekuzwa mpaka ule ubichi ukaonekana kutoka lango la barabarani. Chini yake pameandikwa: Yuko ndani. Siku ya sitini na tano. Baba yake hajamwona.

"Zima!" Daktari alipiga kelele. "Zima hiyo! Mtandao umeingiliwa!"

"Haukuingiliwa," alisema Nachhattar. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, mzee wa miaka hamsini na tisa. "Niliutengeneza mimi. Fungueni mlango! Nyuma ya turubai kuna mlango, ufungueni watu waone!"

"Ufungueni!" Harbans alipokea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kwenye kelele za tanuri. "Si mmesema karibu? Haya, tumekaribia!"

Wanawake walianza kwenda mbele. Waandishi nao wakaanza kwenda. Kwa muda wa kama dakika mbili ilionekana hesabu ya Nachhattar itakubali. Halafu walinzi wa mbunge walimzunguka bwana wao wakamkimbiza kwenye gari, na waandishi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa mbunge, wakaligeuzia turubai mgongo wakalifuata gari. Pamma alimvuta Nachhattar mguu. Alianguka na kiti chake.

Polisi walimshikilia siku mbili. Inspekta alikuwa mtu mpole, alivua saa yake kwanza.

"Umemdhalilisha mheshimiwa kwa kutumia kompyuta, Mzee. Kuna kifungu."

"Na kuua kwa kutumia bomba, kuna kifungu?"

Walimpiga nyayo. Siku ya pili, mchana, alitoa neno la siri la ukurasa. Nyayo ni nyayo. Lakini walipomletea karatasi iliyoandikwa kwamba alikuwa amelewa, alikataa kutia sahihi. Wakamshika kidole gumba wakakichovya wino, akakikunja ndani ya ngumi, na watu watatu hawakuweza kumkunjua. Nje Harbans na wanawake saba walikuwa wamekaa chini mbele ya kituo cha polisi, wanaimba kisomo, na wenye maduka walianza kuja kutazama. Jumatatu asubuhi wakamtoa, kwa sababu wanawake hao walikuwa wanaharibu sura ya barabara.

Gazeti alilipata kwa kinyozi. Mbunge alikuwa ukurasa wa kwanza, viganja vimeungana, kichwa kimeinama mbele ya Gurjant. Picha nzuri sana. Mpiga picha hawezi kukataa picha nzuri. Juu yake: Mheshimiwa amlilia mtoto wa maskini aliyeuawa na unga. Chini: Aahidi Kituo cha Mlango Mpya vitanda hamsini zaidi. Kuhusu mlango hakuna. Kuhusu vifundo hakuna. Alifungua simu. Ukurasa ulikuwa umerudi, mlango wa mbao, majani mabichi, jua. Na mahali pa wale sita, mbunge mwenyewe, ameinama. Chini kitufe chake cha kijani.

"Umewapa jina, Mzee," alisema kinyozi. "Wilaya nzima sasa wanawajua."

Alikwenda Mlango Mpya kwa kuchechemea, viatu ameshika mkononi kwa kuwa nyayo zilikataa kuingia. Alipopinda kona ya mashamba aliona magari. Yalianzia langoni yakajipanga mpaka kwenye mfereji: magari madogo, trekta mbili, pikapu ya kubebea maziwa. Kwenye ile pikapu, katikati ya madumu, alikuwa amelazwa kijana aliyefungwa mikono na miguu kwa mtandio wa mwanamke. Baba yake alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Ndugu yangu," yule mtu alimwambia Nachhattar, "hapa ndipo pale pa kwenye simu?"

"Mgeuze mwanao urudi naye. Wanaua humu."

"Najua."

"Hujui. Yule mwenye koja—"

"Nimemwona mwenye koja. Tumemwona wote, imezunguka kwenye simu mpaka kwetu." Mtu alipepea. "Jana kamchoma mama yake kisu cha kukatia nyasi. Kule hospitali wananiambia nirudi mwezi ujao. Sasa wewe uliyesoma nambie, mwezi mzima nimweke wapi? Nipe mahali. Nitageuza sasa hivi."

Nachhattar alizitafuta kichwani nyumba, ofisi, majengo yote aliyowahi kuyapiga picha yakikatiwa utepe tangu ujana wake, moja baada ya jingine. Hata moja halikuwa wazi.

Lango lilikuwa linafunguliwa kupitisha gari la kwanza. Aliacha viatu chini akaenda, akaingia kati ya mabamba mawili ya chuma kabla hayajaachana vizuri, akashika nondo huku na huku.

"Toka hapo, Mzee," alisema Pamma. Bomba lilikuwa mkononi sasa. "Hujatosheka?"

"Mwanangu alipona Jumamosi. Nimekuja kumchukua."

"Jina lake halipo kwenye daftari. Wa jina hilo hatuna."

"Jagseer!" Nachhattar aliita. Aliita kwa kifua chote, kuelekea kwenye ule ukuta usio na dirisha. "Jagseer, we! Baba yako niko langoni!"

Bomba lilimpata begani. Hakuachia nondo.

Nyuma ya turubai, kutoka ndani kabisa, sauti moja ikaitika: "Baba!" Moyo ulimruka. Kabla haujatua ikaja nyingine, "Baba!", nzito zaidi, na ya tatu, na ngumi zikaanza kupiga mlango, na mara zikawa sauti thelathini, arobaini, nyembamba na za kukwaruza, wote wakiita kwa mpigo, baba, baba, niko hapa baba, na yeye akikaza sikio kumtafuta mmoja, na kila moja ilikuwa ya Jagseer.

Nyuma yake gari la kwanza lilipiga honi, kisha la pili, kisha trekta.

"Mzee, pisha," alisema yule wa pikapu, karibu kulia. "Wangu anaishiwa pumzi. Pisha, ndugu yangu, na wengine tuingize."

Hakupisha.